Kumpeleka mzazi kuteleza kwenye theluji: mwongozo kamili wa siku moja Afriski kwa wanaotoka Uganda

Malalamiko huwa ni yale yale. Familia imefika mlimani, imelipia vifaa, na kabla ya saa sita mchana mama amekaa mkahawani, miundi inamuuma, soksi zimelowa, hataki kuziona ski (zile mbao ndefu za kutelezea) tena. Chanzo karibu kila mara ni kimojawapo kati ya vitatu: buti zisizomkaa, nguo za pamba, au mtoto aliyempandisha mzazi juu kabla hajajua kusimama.

Mwongozo huu unafuata kituo cha Afriski, kwenye milima ya Maluti kaskazini mwa Lesotho, ambako msimu ni kati ya Juni na Agosti. Kama ndugu zenu wako Uswisi au Kanada, safari itabadilika lakini hatua za mlimani ni hizi hizi. Msiigeuze Rwenzori kuwa mbadala: barafu ya kilele cha Margherita, kwenye mita 5,109, ni ya wapanda mlima wenye kamba na viatu vya meno, na haina mteremko wa kujifunzia.

Lengo la siku ni dogo na linapimika: mzazi ateleze mita ishirini hivi na kusimama pale anapotaka yeye, mara tatu mfululizo. Akifika hapo, siku imefaulu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

Karatasi. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Mkitua Johannesburg na kuingia Lesotho kwa gari, mtakuwa mmetoka Afrika Kusini, na itabidi muingie tena ili mpande ndege ya kurudi. Viza ya kuingia mara moja itawakwamisha mpakani. Ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja, na mthibitishe masharti ya Lesotho kabla ya kulipia tiketi.

Cheti cha homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Uganda, na chanjo inatakiwa iwe imepita siku 10. Mzazi aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa aonane na daktari kwanza, kwa sababu hatari ya madhara ya chanjo hiyo huongezeka kwa umri huo.

Bima ya safari isomeni mpaka mwisho. Nyingi haziilipii michezo ya theluji isipokuwa imetajwa kwa maandishi. Mkikodi gari Johannesburg, ombeni barua inayoruhusu gari kuvuka mpaka. Bila hiyo mtarudishwa.

Pesa. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa Lesotho sawa kwa sawa na loti, sarafu ya Lesotho (zikiwa nyingi huitwa maloti). Kinyume chake si kweli, kwa hiyo chenji ya maloti itumieni kabla ya kuvuka mpaka.

Nguo. Hapa ndipo soko la Owino, Kampala, linapowasaidia. Kwenye mivumba (mitumba) kuna jaketi na suruali za ski kutoka Ulaya kwa bei ndogo sana kuliko mpya, ila si kila jaketi nene huzuia maji. Nenda na chupa ndogo ya maji, uombe ruhusa ya muuzaji, umwagie kijiko kimoja begani. Maji yakijikusanya kuwa matone na kuteremka, kitambaa cha nje bado ni kizima. Yakinywewa, iache. Kisha igeuze ndani nje: bitana ikipukutika vipande vyeupe kama mba, tabaka la kuzuia maji limekufa na halifufuliwi kwa kufua. Angalia pia kama mishono imefunikwa kwa utepe upande wa ndani, maana maji hupenya kwenye mshono kabla ya kitambaa.

Mzazi anahitaji tabaka tatu. La kwanza, linalogusa ngozi, liwe poliesta au sufu. Hata jezi ya mpira ya mikono mirefu inafaa. La pili ni sweta la sufu au la flisi. La tatu ni jaketi na suruali ya kuzuia maji. Pamba isiwepo popote, hata kwenye fulana ya ndani, kwa sababu hushika jasho na kubaki imelowa, na baada ya nusu saa ya kusimama jasho hilo linakuwa baridi. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote.

Kuna akina mama wasiovaa suruali. Zungumza na mama mapema, nyumbani, kwa heshima, usisubiri mlimani. Sketi au gomesi inaweza kunaswa na lifti au kuingia chini ya ski, na hilo ni jambo la usalama tu. Jaketi refu linalofika magotini juu ya suruali pana ya ski limewaridhisha wengi. Leso na skafu ziingizwe ndani ya jaketi, ncha zote.

Ongeza:

- soksi ndefu za sufu, jozi moja ya kuvaa na moja ya akiba;
- glavu zisizopitisha maji (zile za vidole vinne pamoja hupasha joto zaidi);
- miwani ya theluji inayokinga miale ya jua;
- losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, na mafuta ya midomo.

Losheni ni ya kila mtu, hata mwenye ngozi nyeusi tititi. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale, kwa hiyo jua linakupiga kutoka juu na chini. Wengi huungua chini ya kidevu na ndani ya pua.

Vipimo vya mzazi. Andika kwenye karatasi: umri, uzito kwa kilo, urefu kwa sentimita, na urefu wa mguu kwa sentimita. Mguu unapimwa jioni ukiwa umetanuka: asimame juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta, uweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Pima miguu yote miwili. Namba hiyo, tuseme 25.5, ndiyo saizi ya buti za ski.

## Hatua ya 1: Daktari, wiki sita kabla

Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi. Kituo kiko juu ya mita 3,000. Anayetoka Kabale ana nafuu, lakini ni kidogo.

Mwulize daktari waziwazi kuhusu moyo, presha, kisukari, mapafu, na mifupa, hasa kwa mama aliyekoma hedhi. Na msisahau selimundu (sikoseli). Mgonjwa wa selimundu anaweza kupata maumivu makali kwa sababu ya hewa nyepesi na baridi, na hata mwenye kubeba kijinasaba tu, asiyeumwa siku zote, anaweza kuumia bandama akifika juu. Kama hajawahi kupimwa, apimwe. Uganda ugonjwa huu ni wa kawaida mno kuachia bahati.

Mwenye kisukari abebe insulini mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ikiganda imeharibika, na baada ya hapo isitumike hata ikiyeyuka. Kipimo cha sukari nacho hukosea kikipoa sana.

*Mmefaulu kama:* daktari ametamka kwamba anaruhusu kupanda hadi mita 3,000, si "safari" tu.

## Hatua ya 2: Mapaja kwanza

Kuteleza kunachosha mapaja, kwa sababu muda wote magoti yamekunjwa kidogo. Mara nne kwa wiki mzazi aegemee ukuta mgongo ukiwa wima, ashuke kidogo kama anayetaka kukaa, abaki hivyo sekunde 20. Aongeze taratibu hadi dakika moja. Halafu asimame kwa mguu mmoja akishika kiti, kila upande nusu dakika.

Vilima vya Kampala vitumieni kwa kushuka. Kupanda kunajenga pumzi. Kushuka taratibu ndiko kunakofundisha paja kazi ya breki.

Goti likivimba au likiuma mbele baada ya zoezi, punguza kina, usimsukume.

## Hatua ya 3: Laleni chini, pandeni asubuhi

Kutoka Johannesburg hadi Afriski kwa gari ni takriban saa tano. Msiende moja kwa moja. Laleni usiku mmoja au miwili kwenye mji wa chini, kama Clarens upande wa Afrika Kusini au Butha-Buthe upande wa Lesotho, mpande asubuhi na kushuka jioni. Mwili huvumilia zaidi kupanda mchana kuliko kulala juu.

Barabara inapita njia za mlimani za Moteng, kisha Mahlasela, zote zikiwa na kona kali na mahali penye barafu kwenye kivuli. Kuendesha ni mkono wa kushoto kama nyumbani. Ulizeni hali ya barabara jioni ya kuamkia siku hiyo, na muwe na minyororo ya matairi.

Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na Juni jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mazoea ya Uganda, ya mwanga hadi saa moja kasoro, yatawadanganya.

Mzazi anywe maji mara kwa mara tangu jana yake, na pombe isiwepo. Kichwa kikiuma kidogo, apumzike na asipande zaidi. Akihema akiwa amekaa, akiyumba akitembea, akikohoa bila kukoma au akichanganyikiwa, ondokeni hapo hapo mshuke. Dawa ya kwanza ni kushuka.

*Mmefaulu kama:* amefika kituoni anaongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, na ana hamu ya chai.

## Hatua ya 4: Buti

Tumieni nusu saa nzima hapa. Sehemu kubwa ya siku zilizoharibika ziliharibikia kwenye dawati la kukodi, foleni ikiwa ndefu na mzazi akiona aibu kusema "hizi zinanibana".

Soksi iwe jozi moja. Mbili hujikunja, husugua na kuzuia damu, na mguu unapoa zaidi. Suruali ya ndani ivutwe juu ya ukingo wa buti. Ndani ya buti ibaki soksi peke yake. Mkunjo mmoja wa kitambaa kwenye muundi unatosha kumtoa machozi kufikia saa tano.

Aingize mguu, kisha agonge kisigino sakafuni mara mbili ili kirudi nyuma kabisa. Ndipo mfunge, mkianza na kifungo cha kifundo cha mguu, hicho kikaze kwa uhakika, halafu vya juu, na vya vidoleni vilegee. Watu wengi hufanya kinyume: hubana vidole na kuacha kifundo. Matokeo yake vidole vinakufa ganzi na kisigino kinapanda na kushuka.

Sasa mjaribu. Akisimama wima, vidole viguse mbele kwa mbali. Akikunja magoti na kusukuma miundi mbele, vidole virudi nyuma visiguse tena. Kama havigusi kabisa hata akisimama wima, buti ni kubwa. Kama vinabanwa hata akiwa amekunja, ni ndogo. Badilisheni. Kubadilisha ni haki ya mteja, na hakuna mwenye duka anayeshangaa.

Buti ya ski hubana pande zote, hilo ni sawa. Maumivu ya nukta moja, au ganzi, si sawa.

*Mmefaulu kama:* amekaa na buti dakika kumi, ametembea akitanguliza kisigino, na bado anaweza kuchezesha vidole.

## Hatua ya 5: Namba za kweli kwa fundi

Vifungio vinavyoshika buti kwenye ski vimetengenezwa viachie mguu ukipindwa. Nguvu ya kuachia hupangwa kwa uzito, urefu, urefu wa soli ya buti, uzoefu na umri. Aliyefika miaka 50 hupangiwa iachie mapema zaidi. Basi mpe fundi ile karatasi. Kumpunguzia mama miaka kumi kwa heshima, au kukisia kilo zake kwa haya, ni kuvuruga kitu kinacholinda goti lake.

Sema "anaanza leo". Ski za anayeanza zifike kati ya kifua na kidevu. Helmeti ni lazima: ikae vidole viwili juu ya nyusi, na isisogee akitikisa kichwa.

## Hatua ya 6: Mlipie mwalimu, wewe kaa pembeni

Usimfundishe mzazi wako, hata kama unateleza vizuri. Mzazi hataki kuonekana anaanguka mbele ya mtoto wake, na akiogopa atakuficha. Mwalimu atamwambia "kunja goti" mara thelathini bila kumvunjia heshima.

Mweleze mwalimu faraghani kuhusu magoti, masikio na dawa. Kama mama hasikii Kiingereza vizuri, kubalianeni maneno manne atakayoyasikia siku nzima: *kabari, simama, goti, mbele* (kabari ni mkao wa breki, utaelezwa Hatua ya 7). Kisha simama upande wa chini, mita chache pembeni mwa njia yake. Ukikaa katikati ya njia, ataelekeza macho kwako na ski zitafuata macho.

Muda mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Sehemu kubwa ya theluji ya Afriski hutengenezwa kwa mashine usiku wa baridi kali, kwa hiyo asubuhi mapema huwa ngumu kama sakafu. Jua likiipiga inalainika. Kivuli kikirudi, inakaza tena.

## Hatua ya 7: Tambarare, kisha kabari

Kabla ya kuvaa ski, ondoeni theluji yote chini ya soli kwa ncha ya fimbo ya kutelezea. Bonge dogo tu linazuia kifungio kushika, au kikishika, kinashindwa kuachia. Vidole kwanza, kisha kisigino kikanyagwe hadi mlio usikike. Kwenye mteremko aanze na ski ya upande wa chini, zote zikiwa zimelala kukata mteremko. Zikielekea chini, ya kwanza itaondoka na mguu.

Aanze kwa ski moja kwenye tambarare, akijisukuma, kisha mguu wa pili, kisha zote. Dakika ishirini za hivi zinaonekana za kupoteza muda, lakini ndizo zinazoondoa woga.

Halafu kabari: ncha za mbele zikaribiane bila kupandana, mikia itanuke, magoti yakunjwe, miundi iegemee ulimi wa buti. Kutanua mikia kunaongeza breki, kuibana kunaongeza mwendo. Aanzie urefu mdogo kabisa, pale ambapo hata asipofanya kitu atasimama mwenyewe.

Kosa kubwa ni kuegemea nyuma. Mwili ukiogopa hukimbilia nyuma, uzito ukienda nyuma ncha za ski hupoteza mshiko, na kabari haishiki tena. Ukimwona ananyoosha magoti na kuangalia ncha za ski, mwalimu amwambie aweke mikono mbele, kama aliyebeba sinia la chai. Mikono ikija mbele, nyonga hufuata.

Akishasimama mara tatu mahali alipochagua, aanze kukata kona: kukanyaga zaidi mguu wa kulia kunampeleka kushoto, na wa kushoto kulia. Asipindishe mabega.

*Mmefaulu kama:* anasimama kwa breki yake, wala si kwa kuanguka au kukushika wewe.

## Hatua ya 8: Kuanguka na kuinuka

Mfundisheni kuanguka mapema, akiwa amesimama. Aketi upande, karibu na theluji, aachie fimbo. Anayeng'ang'ania fimbo akianguka huumia kano ya kidole gumba; ndiyo sababu asivae mikanda ya fimbo siku ya kwanza.

Akianza kuteleza ameketi, asijaribu kuinuka kabla hajasimama kabisa. Jitihada hiyo ndiyo inayopinda goti.

Kuinuka: ski zilale kukata mteremko, upande wa chini ya mwili. Kijana hujisukuma kwa mkono, lakini kwa mwenye miaka sitini ni rahisi kuvua ski ya juu kwa kubonyeza nyuma ya kifungio, kupiga goti, kusimama, na kuivaa tena. Msimvute mikono. Mabega ya wazee huchomoka.

## Hatua ya 9: Lifti, kama bado ana nguvu

Kwenye lifti ya kuvuta, kijiti cha mlalo au kigoda kinachoning'inia kwenye kamba kinakaa nyuma ya mapaja na kusukuma. Hakikaliwi. Anayekikalia huanguka papo hapo, na karibu kila anayeanza hujaribu. Asimame, magoti yamelegea, ski sambamba ndani ya njia. Akianguka, aachie na atoke njiani upesi kwa sababu kuna watu nyuma.

Mwambieni mhudumu "mara ya kwanza" kabla ya zamu yenu, atapunguza mwendo.

Kanuni moja ya mlima aishike: aliye chini ana haki ya njia, aliye juu ndiye wa kumkwepa. Na akitaka kupumzika, asimame ukingoni, asisimame katikati wala nyuma ya kilima kidogo asikoonekana.

Mteremko mkuu wenye urefu wa takriban kilomita moja mwachieni siku nyingine. Ukitaka kuuteleza mwenyewe, nenda mama akiwa na mwalimu, usimwache mkahawani peke yake akikuangalia.

## Hatua ya 10: Kuacha kabla ya kuchoka

Ni rahisi kwa anayeanza kuumia mapaja yakiwa yamekwisha. Kabari inayojifunga yenyewe, kuanguka mara mbili mfululizo bila sababu, kunyamaza ghafla: dalili moja tu inatosha. Vueni. Saa mbili za theluji, mapumziko ya supu na chai katikati, ni nyingi kwa siku ya kwanza. Chapati na karanga zikae mfuko wa ndani. Mfuko wa nje chapati hugeuka ubao.

Kwenye mapumziko afungue vifungo vya juu vya buti, akague soksi, abadilishe zikiwa na unyevu, na apake losheni upya.

Mshuke milima mkiwa bado na mwanga, kabla maji yaliyoyeyuka barabarani hayajaganda tena. Mkifika chini, angalieni magoti yote mawili. Uchungu wa mapaja pande zote ni wa kawaida na huisha baada ya siku mbili au tatu. Goti moja lililovimba, au lililotoa mlio wakati wa kuanguka, au linaloyumba akikanyaga ngazi, lipelekwe hospitali kabla ya ndege. Mkiwa huko ombeni ripoti ya maandishi na risiti, kwa sababu bima itavidai vyote viwili.